Sungura, piko na tarehe ya kukusanya

Mwenzenu nimepotea wiki tatu nzima na sababu mnazijua: testi mbili mfululizo, bumu lililochelewa, na mengine ya chuo ambayo hayana haja ya kuandikwa. Leo narudi na habari ndefu kidogo, kwa hiyo mwenye chai yake aisogeze karibu.

Ilianza hivi. Rumeti wangu, tumwite Binti Tanga maana ndiko kwao, alikwenda kwenye harusi ya binamu yake akarudi na maua ya piko mikono yote miwili mpaka karibu na viwiko. Yalipendeza, siwezi kusema uongo. Siku ya tatu yakaanza kuwasha. Siku ya tano maua yaleyale yakaota malengelenge, yaani kila jani na kila kikonyo kimevimba kwa kufuata mstari wake. Tukampeleka zahanati. Daktari akauliza swali moja tu: hilo piko limechanganywa na nini? Jibu tunalijua wote, ni ule unga wa kugeuza mvi kuwa nyeusi. Akapewa dawa ya kupaka na vidonge, na notisi za wiki nzima nikamwandikia mimi kwa sababu kalamu haishikiki.

Basi jioni moja amekaa kitandani, mikono juu ya mto kama mtoto mchanga, akanyoosha kidevu kuelekea losheni yangu mezani. "Hebu nisomee hapo nyuma, penye kikatuni cha sungura." Nikamsomea: haijajaribiwa kwa wanyama. Akacheka kicheko cha mtu mwenye maumivu. "Kwa hiyo wewe shoga yangu sungura wako mzima, mimi ndo nimejaribiwa mwenyewe."

Usiku ule sikulala vizuri. Mimi nasomea ualimu, na somo langu ni Historia, na swali lilinijia kabisa kama swali la mtihani: nani alimtia sungura kwenye habari za vipodozi, na nani akamtoa? Nimeshinda maktaba siku nne wakati nina esei nyingine kabisa ya kuandika. Nimeona bora niwamwagie hapa.

Cha kwanza kilichonishtua ni kwamba habari yenyewe inaanza na kemikali za ukoo uleule uliomchoma Binti Tanga. Piko jeusi hupata ule weusi wake kutokana na kitu kinaitwa parafenilinidiamini, wenye fani yao wanafupisha PPD. Ndiyo inayofanya rangi ya nywele ikolee na isitoke ukiosha. Sasa, mwanzoni mwa miaka ya 1930 huko Marekani iliuzwa rangi ya kope na nyusi kwa jina la Lash Lure, ikipakwa saluni, na ndani yake mlikuwa na rangi ya jamii hiyo. Wanawake waliotaka kope nyeusi wakatoka saluni macho yamevimba. Wapo waliopofuka, na alikuwepo aliyefariki.

Serikali ikafanya nini? Haikufanya kitu, kwa sababu haikuwa na kifungu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1906 ilihusu chakula na dawa, vipodozi havikuwemo. Mamlaka yao ya chakula na dawa, FDA, ilibaki kukusanya picha na chupa za bidhaa mbaya na kuzitembeza kama maonyesho, pamoja na picha ya mama mmoja kabla na baada ya kupakwa Lash Lure. Waandishi wa habari wakayabandika maonyesho yale jina la chumba cha vitisho. Bunge likasuasua. Mwaka 1937 ikatokea balaa kubwa zaidi: dawa ya maji ya sulfanilamidi, iliyoyeyushwa kwenye kemikali yenye sumu bila mtu yeyote kuijaribu kwanza, ikaua watu zaidi ya 100, wakiwemo watoto. Hapo ndipo wabunge waliamka. Tarehe 25 Juni 1938 Rais Roosevelt akatia saini sheria mpya ya chakula, dawa na vipodozi, na Lash Lure ikawa bidhaa ya kwanza kukamatwa kwa nguvu ya sheria hiyo.

Lakini angalieni kipengele kimoja ambacho nilikisoma mara mbili. Sheria ileile iliziacha rangi za nywele. Ziliruhusiwa kuuzwa ilimradi paketi iwe na onyo na maelekezo ya kujaribu kidogo kwenye ngozi yako kwanza. Za kope na nyusi ndizo zilizonyimwa ruhusa hiyo. Yaani jibu la swali la Binti Tanga liliandikwa tangu 1938: kwa rangi ya nywele, mtu wa kujaribiwa ni mnunuzi.

Sasa sungura. Sheria ya 1938 haikusema popote kwamba lazima vipodozi vijaribiwe kwa wanyama. Ilisema kipodozi kisimdhuru mtumiaji. Ila ukishaambiwa bidhaa yako isidhuru, siku ya siku utahitaji kuonyesha kitu, na hapo ndipo maabara zikaingia. Njia iliyokuja kushika dunia nzima ni ya John Draize, mtaalamu wa FDA, aliyoichapisha na wenzake mwaka 1944. Anachukuliwa sungura mweupe, yule mwenye macho mekundu. Jicho moja linatiwa mililita 0.1 ya kitu kinachopimwa, la pili linaachwa ili kulinganisha. Halafu wanachungulia baada ya saa 24, 48, 72, na siku nyingine mbele. Mara nyingi sungura alibanwa kwenye kisanduku kinachotoa kichwa tu nje, asijifikiche. Na kwa nini sungura? Ana macho makubwa, hapepesi ovyo, hagharimu sana, na hana ugomvi. Upole ndio uliomponza.

Kuna na alama! Konea ina alama hadi 80, mboni hadi 10, utando wa ndani ya kope hadi 20, jumla 110. Mimi mwalimu mtarajiwa nikaona hii si ndo making skimu kabisa. Na kama making skimu zetu, haikukosa tatizo letu lilelile. Mwaka 1971 watafiti wawili, Weil na Scala, walichapisha matokeo baada ya kuzipa maabara 25 kemikali zilezile zizipime kwa njia ya Draize. Majibu yakapishana vibaya mno: kitu kilekile maabara hii inasema kinachoma sana, ile inasema hakina neno. Tulifundishwa semista iliyopita kwamba mtihani ukisahihishwa na walimu wawili na kutoa alama mbali mbali, basi tatizo si mwanafunzi, ni mtihani. Kwa hiyo hata mtu asiyejali sungura hata chembe alikuwa na sababu ya kuutilia shaka mtihani huu. Pamoja na hayo uliendelea, kwa sababu wanasheria wa makampuni waliuzoea na wakaguzi wa serikali waliuzoea.

Aliyekuja kuutikisa ni mwalimu. Wala sitanii, mwalimu wa sekondari!

Jina lake Henry Spira. Alizaliwa Ubelgiji mwaka 1927 kwenye familia ya Kiyahudi, wakawakimbia Wanazi na kuishia New York. Aliwahi kuwa baharia, akafanya kazi kiwanda cha magari, akaandika habari za harakati za haki za Wamarekani weusi, mwisho akawa mwalimu wa Kiingereza katika shule ya umma pale New York. Mwaka 1974 alihudhuria kozi ya jioni ya mwanafalsafa Peter Singer kuhusu wanyama. Wanafunzi wenzake walimaliza kozi wakaenda zao nyumbani. Yeye akawauliza: sasa tunafanya nini? Mwaka 1976 akaanza na jumba la makumbusho lililokuwa linawakatakata paka kwa ajili ya utafiti, na mwaka uliofuata utafiti ule ukakoma.

Kisha akaja kwenye vipodozi, na hapa ndipo namvulia kofia. Hakuanza kwa kelele. Aliichagua kampuni moja tu, Revlon, si kwa sababu ni mbaya kuliko nyingine, bali kwa sababu ni kubwa na inaishi kwa kuuza uzuri. Aliwaendea kwanza kwa mazungumzo. Na hakuwaambia waache majaribio kesho asubuhi. Aliwaomba watoe sehemu ndogo mno ya mapato yao, wawalipe wanasayansi watafute njia nyingine ya kupima. Wakampokea vizuri, wakamsikiliza vizuri, wakamwacha vilevile. Mwanafunzi yeyote aliyewahi kufuatilia alama iliyopotea ofisini anaijua hali hiyo.

Basi tarehe 15 Aprili 1980 likatoka tangazo la ukurasa mzima ndani ya gazeti la New York Times, lenye picha ya sungura, likiuliza Revlon inapofusha sungura wangapi kwa ajili ya urembo. Mwezi uliofuata watu waliandamana mbele ya ofisi za kampuni, wengine wamevaa kisungura. Mwezi Desemba mwaka huohuo Revlon ikatangaza kutoa dola 750,000 kwa miaka mitatu kwa Chuo Kikuu cha Rockefeller kutafuta njia mbadala. Mwaka 1981 chama cha makampuni ya vipodozi kikatoa dola milioni moja, na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kikaanzisha kituo cha kazi hiyohiyo. Ilipofika 1989, Revlon na Avon walitangaza kuacha kabisa majaribio ya wanyama. Spira alifariki mwaka 1998, na mpaka hapo Marekani haikuwa na sheria hata moja ya taifa inayokataza jambo hili. Nawaambia mapema: hadi leo haina. Muswada ulipelekwa Bunge lao mwaka 2014, ukarudishwa na kurudishwa tena, haujapita. Majimbo ndiyo yaliyotangulia, California ikiwa ya kwanza kupitisha sheria mwaka 2018.

Sheria ilikuja Ulaya. Na hii sehemu mimi nimeipenda kuliko zote, maana inahusu kitu tunachokielewa sana sisi watu wa hosteli: dedilaini.

Mwaka 1993 Jumuiya ya Ulaya ilirekebisha sheria yake ya vipodozi ya 1976 na kuweka tarehe. Kuanzia 1 Januari 1998, kipodozi chenye viambato vilivyojaribiwa kwa wanyama kisiuzwe. Safi. Ila waliacha upenyo: ikionekana njia mbadala hazijatosha, tarehe itasogezwa. Mnaweza kukisia kilichotokea. Ikasogezwa hadi 30 Juni 2000. Ikasogezwa tena hadi 30 Juni 2002.

Mwaka wa kwanza tulikuwa na mhadhiri mmoja (simtaji, bado nazitafuta alama zake) aliyekuwa akituongezea wiki kila tukimlilia. Semista nzima hatukuandika hata ukurasa, si kwa uvivu tu, ni kwa sababu kila mtu alijua tarehe si tarehe. Siku aliyosema Ijumaa saa kumi mlango unafungwa, Alhamisi usiku chumba cha kompyuta kilijaa mpaka watu wakakaa chini. Ulaya nao wakafunga mlango. Marekebisho ya mwaka 2003 yalisema: bidhaa iliyokamilika, mwisho wa kuijaribu kwa mnyama ni 11 Septemba 2004. Viambato, mwisho 11 Machi 2009, njia mbadala iwepo isiwepo. Na siku hiyohiyo ya 2009 ikawa marufuku kuuza vilivyojaribiwa hata kama vimejaribiwa nchi nyingine, isipokuwa kwa vipimo vitatu vigumu: madhara ya kutumia kitu kila siku kwa muda mrefu, madhara kwenye uzazi, na jinsi kemikali inavyosafiri mwilini. Hivyo vitatu vilipewa hadi 11 Machi 2013.

Ufaransa, yenye viwanda vikubwa vya vipodozi, ikaenda mahakamani kupinga. Mwaka 2005 kesi ikatupwa. Mwaka 2011 wataalamu walioitwa na Tume ya Ulaya wakasema waziwazi kwamba vile vipimo vigumu havitakuwa na mbadala kamili ifikapo 2013. Tume ilikuwa na nafasi ya kupendekeza tarehe isogezwe tena. Haikupendekeza. Machi 2013 mlango ukafungwa.

Na je, kazi iliandikwa? Kwa sehemu kubwa ndiyo. Kituo cha Ulaya cha kuhakiki njia mbadala kilianzishwa 1991, lakini vipimo vingi ninavyoviona vimekubaliwa kimataifa ni vya miaka ileile ya kubanwa na tarehe. Mwaka 2009 shirika la OECD lilikubali jicho la ng'ombe na jicho la kuku kutoka machinjioni, wanyama ambao wangeliwa vyovyote vile. Mwaka 2010 likakubali ngozi inayooteshwa maabara kutoka kwenye seli za binadamu. Mwaka 2015 vikaja vipimo vya mzio wa ngozi visivyotumia mnyama mzima, mzio uleule uliompiga Binti Tanga. Watu wengi wanasema sungura aliokolewa na huruma. Huruma ilikuwepo tangu enzi za malkia Victoria, Waingereza walikuwa na sheria ya majaribio ya wanyama mwaka 1876! Mimi nikisoma hizi tarehe naona aliokolewa na Ijumaa saa kumi.

Nchi nyingine nitazipitia haraka. Israeli ilikataza majaribio 2007 na uingizaji wa bidhaa 2013. India vyote viwili 2014. Australia 2020, Kanada 2023. China, ambayo kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa inalazimisha vipodozi vya nje vijaribiwe kwa wanyama, ililegeza kwa bidhaa zake za kawaida 2014, na kwa za nje kuanzia 1 Mei 2021 kwa masharti. Kwa hiyo kuna miaka ambapo kampuni ileile ilikuwa inakatazwa Paris kitu inacholazimishwa Shanghai, na ilibidi Mahakama ya Ulaya iseme mwaka 2016 kwamba majibu ya majaribio yaliyofanywa kwa ajili ya masharti ya nchi za nje hayawezi kutumika kuthibitisha usalama wa kipodozi Ulaya.

Msifikiri yameisha. Ulaya wana sheria nyingine ya kemikali ya mwaka 2006, inayomlinda mfanyakazi wa kiwandani, na hiyo inaweza kudai majaribio ya wanyama hata kwa kiambato kinachotumika kwenye vipodozi tu. Kampuni moja ya Ujerumani iligoma kufanya hivyo kwa kemikali mbili za kuzuia jua, ikashindwa mahakamani Novemba 2023. Uingereza nayo, iliyokuwa imeacha kutoa leseni tangu 1998, iligundulika mwaka 2023 kwamba ilianza tena kimyakimya mwaka 2019. Ilipoumbuka ikafunga tena.

Nikarudi chumbani nimejaa tarehe kichwani, nikamsimulia Binti Tanga yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kitu ambacho maktaba haikunijibu. Akasema, sawa, wenzetu walianza kwa kulinda macho ya watu 1938, wakampata sungura, wakamtumia miaka sitini, wakajua kipi kinaua na kipi hakiui, ndo wakamwachia. Kile kiambato cha kwenye losheni yako si walishakijaribu zamani? Nikakubali, vingi vya zamani vilishajaribiwa, sheria inakataza majaribio mapya, haifuti ya kale. Akasema, basi sisi kwetu tuko mwaka gani?

Nilimjibu kwamba hatuko 1933. Tuna sheria ya chakula, dawa na vipodozi tangu 2003, na krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS. Akanitazama tu, maana wote tunajua mkorogo unapatikana wapi na kwa bei gani, na unga wa piko unauzwa duka gani. Hata Ulaya kwenyewe PPD haijakatazwa. Inaruhusiwa kwenye rangi ya nywele isizidi asilimia 2 inapofika kichwani. Ya kwenye piko hakuna anayeipima, fundi anakoroga kwa jicho lake mpaka aone imekolea. Paketi ya unga ninayo hapa mezani, tuliiomba kwa yule dada aliyempaka. Ina onyo kwa herufi za mchwa: jaribu kidogo kwanza, usitumie kwenye kope. Kuhusu mikono ya wageni wa harusi haijasema kitu.

Malengelenge yamekauka. Yamebaki maua mekundu yaliyofifia, daktari anasema yatachukua miezi. Alimwambia pia kwamba mwili ukishaikataa PPD mara moja huwa hauisahau, kwa hiyo asije akapaka nywele rangi nyeusi maisha yake yote. Desemba dada yake mkubwa anaolewa na ameshapiga simu nyumbani kuwaambia wamsagie hina tupu, ya majani. Kuhusu nywele anasema atazeeka na mvi zake, nimzoee.

Esei yangu nyingine inakusanywa Ijumaa. Mhadhiri ni yuleyule.